Mkuu wa polisi akihukumiwa kifungo, nani atamkamata?

Wadau, tujadili hili bila matusi: afisa wa serikali anayepuuza amri ya mahakama afanywe nini? Najua wengi mtasema atiwe ndani. Mimi napinga, wala si kwa kumhurumia.

Turudi Septemba 2024 hapa Kenya. Mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walikuwa wametekwa Kitengela mwezi Agosti. Jaji Lawrence Mugambi akamtaka kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, afike mwenyewe aeleze waliko. Akaitwa mara saba, hakutokea. Tarehe 13 akahukumiwa kifungo cha miezi 6, ila akapewa siku 7 za kujirekebisha. Basi aliyeanza kuadhibiwa ni jaji: akaondolewa walinzi, mpaka Jaji Mkuu Martha Koome akalalamika hadharani. Tarehe 20 watatu wale wakapatikana wakiwa hai, Masengeli naye akafika kortini, akaomba radhi, adhabu ikafutwa.

Kuna watakaosema tishio la jela ndilo lililomleta. Huenda, na watu watatu kurudi makwao si jambo dogo. Lakini mnamkumbuka George Kinoti? Mwaka 2021 Jaji Anthony Mrima alimpa mkuu huyo wa upelelezi miezi 4 kwa kukataa kurudisha bunduki za mfanyabiashara Jimi Wanjigi. Akaambiwa ajipeleke gereza la Kamiti. Hakulala Kamiti hata usiku mmoja, akaendelea na kazi yake. Nani angemfuata ofisini na pingu, vijana wake mwenyewe?

Na hao ni wale wa kwenye habari. Wanaoumia kimyakimya ni watu wa kawaida wanaoidai serikali. Ukidaiwa wewe, dalali anakuja na lori kubeba makochi na televisheni, watoto wakitazama. Ukiidai wizara, kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali hakikuruhusu kugusa hata kiti cha bawabu. Umegongwa na gari la serikali, umeshinda kesi, unapewa cheti cha kuonyesha unadai kiasi gani. Unampelekea katibu wa wizara, kimya. Unarudi kortini kuomba amri ya kumshurutisha alipe, kimya tena. Ndipo unaomba aadhibiwe kwa kudharau mahakama, na wakili wake analipwa kwa kodi yako! Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria iliyotaka afisa apewe kwanza notisi ya siku 30. Jaji Chacha Mwita akaifuta sheria yote Novemba 2018. Afadhali.

Makatibu wana hoja moja ya haki: wengine wamerithi madeni ya waliowatangulia, na Hazina haijatoa pesa. Sawa, basi aje kortini aape na kuonyesha barua aliyoiandikia Hazina. Asiyekuja kabisa hana cha kujitetea.

Ninachotaka mimi ni mshahara uguswe. Machi 2018 Jaji George Odunga aliwatoza Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali Joseph Boinnet na katibu wa uhamiaji Gordon Kihalangwa shilingi 200,000 kila mmoja katika sakata la Miguna Miguna, wakili wa upinzani aliyezuiwa kuingia nchini licha ya amri ya mahakama, akaagiza zikatwe kwenye mishahara yao. Kwa waziri hizo ni hela za mafuta, nakubali. Iongezwe basi, ihesabiwe kwa kila siku anayokaidi, na isilipwe na wizara. Kukata mshahara hakuhitaji askari. Mhasibu naye ni mtu wao, lakini akikaidi ameacha maandishi, na Mkaguzi Mkuu anaweza kumuuliza.

Mnaoshikilia jela, nijibuni tu hili: ofisa gani wa polisi, wa cheo gani, atatumwa kumkamata Inspekta Jenerali, na kesho yake ataripoti kazini kwa nani?