Kangaga langu lina madoa ya kahawia chini ya majani, naomba ushauri

MamaKijani:
Habari za wakati huu, wapenzi wa mimea. Nina kangaga la msituni nililomegewa na mama mkubwa miezi 8 iliyopita. Lake ni la miaka mingi, limefika kiunoni. Langu nimelipanda chini ya mti wenye kivuli, na mwanzoni lilinifurahisha sana: kila nikichungulia nakuta chipukizi jipya limejikunja kama mkia wa kinyonga.

Sasa kuna mambo mawili yananinyima usingizi. Chini ya majani makubwa yametokea madoa ya kahawia, mengi. Nimekata majani 5 na kuyachoma nikihofia ugonjwa usisambae, lakini majani mengine nayo yameanza. Halafu machipukizi mapya yanageuka meusi na kulainika kabla hayajafunguka. Maji nalimwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Samadi niliweka, na shina nikalirundikia udongo ili lisimame imara. Je, nipulize dawa ya ukungu?

Kilimo_Tu:
Pole sana dada. Hiyo ni kutu ya majani. Kata yote yenye madoa, kisha puliza dawa.

MzeeMboji:
Mwanangu, weka mkasi chini kwanza. Geuza jani moja ulitazame kwenye mwanga. Hayo madoa yametawanyika ovyo, au yamejipanga?

MamaKijani:
Shikamoo mzee. Yamejipanga! Kila jani dogo lililo kwenye jani kubwa lina safu mbili, moja kila upande wa mshipa wa kati, kama vifungo vya shati. Upande wa juu wa jani ni kijani kibichi kabisa.

MzeeMboji:
Marahaba. Basi huo si ugonjwa, huo ni uzazi. Kangaga halitoi ua wala mbegu. Hivyo vidoa ni vifuko vya spora, na spora ndizo zinazolizalisha. Huanza vikiwa vyeupe au kijani, vikikomaa huwa kahawia. Mmea uliofika hatua hiyo umekua, na majani 5 uliyochoma yalikuwa mazima. Usikate tena jani la kijani, maana ndilo linalolisha shina.

Kinachonitia wasiwasi ni hayo machipukizi meusi. Umesema ulirundika udongo. Ule moyo wa katikati, machipukizi yanakotokea, uko juu ya ardhi au umefukiwa?

Nuru84:
Naongezea kwa watakaosoma baadaye: wapo wadudu wanaoitwa vidugamba ambao hufanana na vifuko hivyo. Wao hukaa popote, hata juu ya kikonyo, hubanduka ukiwakwangua kwa ukucha, na jani huwa linanata. Wakiwa wachache, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Dawa kali msikimbilie, majani ya makangaga ni mepesi kuungua.

Kilimo_Tu:
Nimejifunza. Dada, ushauri wangu wa dawa uache, nilijibu kabla ya kuuliza.

MamaKijani:
Mzee, nimefukua sasa hivi. Moyo ulikuwa chini ya udongo kama vidole vitatu, umelowa, na pembeni una harufu ya kuoza. Nimesikitika, maana nilifanya hivyo kwa kulipenda.

MzeeMboji:
Usivunjike moyo, makangaga mengi hufa kwa kupendwa hivyo. Ondoa udongo mpaka moyo uonekane wote. Sehemu iliyolainika ikate kwa kisu safi hadi ufike kwenye nyama ngumu. Samadi iondoe, hasa kama ni mbichi, kwani huunguza mizizi. Badala yake tandaza majani yaliyooza unene wa sentimeta 3 hadi 5, ila yasiguse moyo. Msituni kangaga hula hayo tu.

Kuhusu maji, achana na ratiba. Chomeka kidole: udongo ukiwa na unyevu, subiri. Ukiwa umeanza kukauka juu, mwagilia pembeni, usimimine katikati ya moyo. Udongo uwe kama kitambaa kilichokamuliwa, usituame maji wala usikauke kabisa.

MamaKijani:
Nimefanya yote. Kuna chipukizi moja bado gumu, nalilinda. Na hizo spora naweza kuzipanda?

Nuru84:
Unaweza, ukiwa na subira. Kata kipande cha jani ambalo vifuko vyake vimekuwa kahawia iliyokolea, kifunge ndani ya karatasi nyeupe, kiache pakavu siku mbili tatu. Ukifungua utakuta vumbi laini, ndizo hizo. Chukua bakuli la udongo wa mboji, limwagie maji yanayochemka ili kuua kuvu na mbegu za magugu, lipoe likiwa limefunikwa. Nyunyiza vumbi juu kwa uchache. Usifukie, zinahitaji mwanga. Funika kwa kioo au nailoni, weka pasipopigwa na jua.

Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani, kisha vijani bapa vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa kidole. Usivitupe ukidhani ni kuvumwani! Hapo nyunyizia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu chembe ya kiume ya vijani hivyo huogelea kwenye maji hayo kulifikia yai. Bila unyevu huo hutapata kitu. Kangaga lenyewe huchomoza juu ya kijani bapa hicho, na usilihamishe mpaka liwe na majani matatu manne ya kwake.

MamaKijani:
Karatasi nimeshaifunga. Lile chipukizi gumu leo limeanza kujikunjua.