Mrejesho: Pikipiki kisiwani Pemba, kutoka Mkoani kusini hadi Kigomasha kaskazini, nikiwa na miaka 58

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kama mtu wa miaka 58, mwenye magoti ya kuuma, anaweza kuizunguka Pemba kwa pikipiki. Nimekwenda, alhamdulillahi, na nimerudi salama.

Aliyenishauri nianze na mazoezi ya mapaja, Mungu amlipe kheri. Kwenye mchanga wa ufuo wa Vumawimbi nilisimama juu ya vikanyagio, magoti nimeyakunja kidogo, mikono nimeilegeza, macho mbele. Pikipiki ikajitafutia njia. Ukikaza usukani, unaanguka!

Kilichonichosha hasa ni kiuno, si magoti, kwa hiyo nikipata kivuli cha mkarafuu nashuka, najinyoosha, nakunywa maji. Vijana wakinipita nawaacha waende zao. Msitu wa Ngezi nimeupita taratibu. Inshaallah baada ya vuli nakwenda Makunduchi, kule Unguja, na mke wangu anapanda nyuma.