Mnatukaririsha majina ya kisayansi ya mimea kama mazuzu, maana zake mmezificha wapi??

Wakuu nimevumilia sana ila leo naongea. Vitabu vya botania, notsi, video za kufundishia, walimu, wote wimbo ni mmoja: hili hapa jina la kisayansi, jenasi (neno la kwanza) ianze na herufi kubwa, spishi (la pili) ndogo, ukiandika kwa mkono pigia mstari chini, ukikosea herufi moja maksi imeenda. Basi. Jina lina maana gani hakuna anayesema, na ukiuliza unajibiwa "hicho ni Kilatini, wewe kariri tu". Mtu ana digrii yake anakujibu hivyo na anaona kabisa amejibu swali!

Kwanza huo ni uongo. Si yote Kilatini, mengi ni Kigiriki kilichowekewa miisho ya Kilatini. Alizeti ni Helianthus, helios jua, anthos ua. Rhododendron ni rhodon waridi na dendron mti. Zea mays ya mahindi, zea ni Kigiriki, ni jina la nafaka, hiyo mays imetoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi. Azadirachta ya mwarobaini ni Kiajemi. Sasa unaposema "yote Kilatini" unafundisha nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu la mtihani mara nyingi limo ndani ya jina lenyewe na wanatunyima. Chukueni Bryophyllum, kila aliyesoma biolojia amekutana nayo kwenye uzazi usio wa kijinsia, mmea unaoota vichipukizi pembeni mwa jani. Bryo inatokana na kitenzi cha Kigiriki cha kuchipua, phyllon ni jani. Jani linalochipua!! Mmea unakwambia wenyewe unafanya nini halafu mwanafunzi anapigwa kichwani akariri kama namba ya simu. Karanga nayo, Arachis hypogaea, hypo chini, ge ardhi, kwa sababu ua linachavushwa juu kisha kikonyo kinarefuka kinazama kwenye udongo na tunda linakomaa hukohuko chini. Ukishaijua hiyo hypo na ge, siku ukifundishwa uotaji wa haipojia ambao kotiledoni, yale majani ya kwanza yaliyomo ndani ya mbegu, zinabaki ardhini, hukariri tena, unaelewa. Lusina, ule mti wa malisho, ni Leucaena leucocephala, leukos nyeupe, kephale kichwa, maua yake si ni vile vibonge vyeupe vya mviringo? Na leukos hiyohiyo ndiyo imo kwenye lukemia, saratani ya damu. Neno moja linakufungulia milango mitatu na mtu anakaa nalo kimya muhula mzima.

Halafu hili la miisho ndilo linanitoa machozi. Pilipili manga ni Piper nigrum, mforosadi mweusi ni Morus nigra, kuna na Helleborus niger, ua la Ulaya, na nigrum, nigra, niger zote ni neno lilelile la "eusi". Mwanafunzi anaandika Morus niger, maana anaona Morus imeishia na us kama Helleborus, anakatwa maksi, akiuliza kwa nini anaambiwa ndivyo ilivyo. Sivyo! Kivumishi cha Kilatini kinafuata jinsia ya nomino, kuna ya kiume, ya kike na isiyo na jinsia, na miti ya zamani ya Warumi karibu yote ni ya kike hata ikiishia na us, ndiyo maana Morus nigra, na mwaloni mweupe ni Quercus alba. Na sisi watu wa ngeli, tunaosema mti mweusi, jiwe jeusi, kitu cheusi toka hatujaanza shule, kweli kabisa sisi ndio wa kushindwa kueleweshwa upatanisho wa kisarufi? Mzungumzaji wa Kiswahili alitakiwa aelewe hili kwa dakika tano.

Na wanaojaribu kueleza nao wanabuni. Nimekuta mtu ameandika eti officinale kwenye Zingiber officinale ya tangawizi maana yake "mmea rasmi", watu wanamshukuru hapo chini. Officina ilikuwa ghala au chumba cha kutengenezea na kutunzia dawa, kwa hiyo ukiona officinale au officinalis jua mmea huo ulikuwa unatumika kama dawa. Mwingine anasoma chinensis anahitimisha asili ni China. Simmondsia chinensis, yaani jojoba, ni ya jangwa la Sonora huko Marekani na Mexico! Scilla peruviana haijatoka Peru, ni ya upande wa Mediterania. Prunus persica, yaani pichi, inamaanisha ya Uajemi wakati asili yake ni China. Majina hayo yalikosewa na yamebaki kwa sababu kanuni za kimataifa haziruhusu jina lifutwe eti halifai tu, sasa mwalimu asipolijua hilo anawapotosha watoto kwa kujiamini kabisa.

Na msiniambie Kilatini kilishaondolewa. Kilicholegezwa tarehe 1 Januari 2012 ni maelezo ya spishi mpya, yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza badala ya Kilatini, majina yenyewe yako palepale.

Linnaeus, mwanabotania wa Sweden, mwaka 1753 alikuta jina la mmea ni sentensi nzima ya kueleza majani yakoje na shina likoje, akalifupisha likawa maneno mawili. Watu walikuwa wanaeleza mmea, hawakuwa wanatunga nywila.

Ninachotaka ni ukurasa mmoja tu mwanzoni mwa kitabu. Anthos ua, phyllon jani, karpos tunda, rhiza mzizi, sperma mbegu, sativa iliyopandwa, esculenta inayolika, vulgaris ya kawaida, na hizo jinsia tatu na miisho yake. Ukurasa mmoja! Walimu na waandishi wa vitabu mliomo humu njooni mseme kwa nini haupo, na msiniletee habari za silabasi haijasema, maana silabasi haijawakataza pia.