Hii programu ya modeli imeniumbua mbele ya mabosi, natetemeka kwa hasira

Wakuu, jina silitaji, mnaijua. Ile ile.

Natoka kikaoni sasa hivi. Modeli ya bwawa, yaani hesabu za maji yake kwenye kompyuta: senario (hali ya kujaribia) ya msingi, na ya ukame niliyoitoa hapo hapo kwa kitufe cha "Nakili". Kwenye ukame nikapunguza mvua kwa asilimia 30, nikasevu. Leo nafungua mradi, naendesha zote mbili, inaniandikia kwa kijani: "Imekamilika bila hitilafu". Naweka grafu kwenye skrini kubwa, mabosi wametoa macho. MSTARI MMOJA! Ukame na hali ya kawaida vimelaliana, hupitishi hata unywele katikati. Mkubwa mmoja akauliza, "Kwa hiyo mvua ikipungua, bwawa halina habari?"

Kumbe "Nakili" yao hainakili kitu! Senario zote mbili zinasoma faili lile lile la mvua. Ukigusa huku, na kule kumeguswa. Mtoto, yaani senario iliyonakiliwa, kurithi namba za mzazi sawa, ndiyo raha ya senario, unabadilisha kimoja vingine vinafuata. Ila mtoto akibadilika na mzazi abadilike? Wapi na wapi!

Msingi wenyewe umekatwa asilimia 30, bila hitilafu! Bwawa halina habari na mvua, bila hitilafu! Aliyeandika ule ujumbe wa kijani leo asipate usingizi.

Fundi Grafu: Pole mkuu. Kijani ile maana yake hesabu zimefika mwisho, siyo kwamba zina akili. Ilishaniliza.

Mchokonozi: Yaani umeingia kikaoni hujalinganisha grafu? 😂😂 Halafu unalilia programu.

Mleta uzi: Mchokonozi tulia. Jana mistari ilikuwa miwili, wazi kabisa! Kuufunga mradi na kuufungua tu, MMOJA.

Kibuyu Tupu: Afadhali yako. Mimi nimehamishia folda ya mradi diski nyingine, data zote nyekundu. Inang'ang'ania kuzitafuta kwenye diski ya zamani.

Mtu wa Majedwali: Mnadeka. Kidhibiti cha senario cha kwetu kwenye Excel kinakubali seli 32 za kubadilisha, ya 33 kinagoma. Nina vigezo zaidi ya mia!

Bi Kigezo: Kuna aliyefungua mradi wa zamani kwa toleo jipya? Wangu limeugeuza, sasa toleo la zamani haliutambui, na mwenzangu ndilo alilo nalo.

Fundi Grafu: Bi Kigezo, hapo ni kilio. Sisi leseni ya toleo jipya ni ya kompyuta moja, na mwenye kompyuta yuko likizo nayo.

Mchokonozi: Na simu hapokei. Namjua huyo.

Mleta uzi: Jamani, MSTARI MMOJA. Mbele ya mabosi.

Bi Kigezo: Tumeona mkuu, pole. Fundi, hiyo leseni haiwezi kuachiliwa kwa mtandao ukaitumia wewe?