Naomba ushauri: uniti za LUKU zinaisha haraka, nahisi ni friji

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni ushauri kwa anayejua mambo ya umeme.

Mi nakaa Mbagala na familia, tuko watano, mita ni ya kwetu peke yetu na tuko D1, lile daraja la bei la watumiaji wadogo wa umeme, uniti 75 za mwanzo kila moja kwa sh 100, ukivuka unapigwa 350 kabla ya kodi. Zamani 75 zilikuwa zinatosha mwezi mzima, sa hivi ni miezi mitatu mfululizo tunafika 130 na hakuna kifaa kipya tulichonunua.

Nimebadilisha taa zote nimeweka za LED, pasi tunapiga mara moja kwa wiki nguo zote kwa pamoja, hita ya maji ya ndoo nimeificha kabisa, tunachemsha kwa gesi. Bado.

Juzi usiku nikazima kila kitu nikaacha friji tu, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi mita ikala uniti 1 na kidogo, yaani kwa mwezi inaweza kuvuka 90 yenyewe tu! Ni friji ya mtumba, haizimi kuunguruma, na mpira wa mlango umelegea, ukibana karatasi inatoka kirahisi.

Maswali yangu: nikibadilisha mpira tu itasaidia au niiuze nijichange ninunue ya inveta, zile zinazokula umeme kidogo? Na nitajuaje kama si waya za nyumba zinazovujisha umeme? Watoto wanashika kuta, hilo linanitisha zaidi ya hela.