Naomba ushauri: shanga za kioo ninazochoma mwenyewe zinapasuka

Habari zenu wakuu, niko Kigoma huku Mwanga, natengeneza heleni na mikufu. Zamani nilikuwa nanunua shanga dukani, sasa hivi nazichoma mwenyewe, nayeyusha fito za kioo kwenye moto wa gesi nazungushia kwenye kijiti cha chuma nilichopaka udongo ili zising'ang'anie, zikipoa unachomoa tundu linabaki. Rangi zinatoka tamu balaa.

Shida zinapasuka. Zingine zinalia ta! palepale, zingine zinakaa hata wiki, nishauza, mteja ananirudishia heleni nusu, aibu tupu. Nikizitoa motoni nazifukia kwenye jivu la moto zipoe taratibu, najua dawa yenyewe ni tanuri la umeme la kufika nyuzi kama 500 halafu linashushwa polepole ila bei yake siiwezi. Alafu kuna rafiki ananiambia nisichanganye kioo cha chupa na fito za kununua eti havitanuki sawa, na kweli zile za mchanganyiko ndo zinaongoza.

Kuna aliyewahi kujenga tanuri dogo la mkaa kwa kazi hii? Joto unapimaje?

Lingine, natungia mshipi wa kuvulia ila unakatika, midomo ya tundu ina makali, msasa nimesugua mpaka vidole vimechoka. Bibi yangu wa Ujiji ananicheka tu, anasema zamani hapa shanga zilikuwa hela, mwenzetu unazivunja.