Tupeane uzoefu: umefanyia kazi mkahawani ukaaibika, au ukaaibishwa?

MfasiriWaUmoja

Jameni, habari zenu. Nina kisa, na nataka vya kwenu pia, maana tuko wengi tunaozunguka Nairobi na laptopu mgongoni tukitafuta palipo na waifai na soketi.

Mimi naandika manukuu ya video. Naishi Umoja, chumba kimoja, na pale chini uani kuna fundi wa kuchomelea milango. Kuanzia saa tatu asubuhi ni cheche na mlio. Kwa hivyo siku mbili kwa wiki napanda matatu hadi tauni, naingia mkahawa fulani wa ghorofani, naagiza chai ya maziwa, naketi dirishani.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, mwisho wa mwezi. Niliingia saa nne nikakalia meza ya watu wanne kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na soketi. Begi kiti cha pili, sweta kiti cha tatu. Kufika saa sita chai ilikuwa imeshika utandu, nami naionja kidogo kidogo kama dawa ya kikohozi ili kikombe kisionekane kitupu. Mhudumu akaja: "Madam, nikuongezee nini?" Nikamwambia niko sawa. Akarudi na kitambaa akapangusa meza iliyokuwa safi. Nikainua daftari, akapangusa chini yake, nikalirudisha palepale. Mara ya tatu akaleta bili ndani ya kile kijitabu cheusi, akakiweka karibu na kiwiko changu, hakusema neno.

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa. Nilidhani zamu yake inaisha.

Saa saba kasoro akaingia shosho mmoja na mabinti wawili, mmoja ana joho la mahafali mkononi. Hakuna nafasi. Wakasimama mlangoni, shosho ameegemea ukuta. Mimi huyo nachapa. Mwishowe shosho akaja mwenyewe, polepole, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hivi viti vina wenyewe?" Anaonyesha sweta langu.

Nilikusanya vitu vyangu kama mtu aliyesikia nyumba inaungua. Nikalipa shilingi 250 kwa M-Pesa, nikashuka ngazi mbio. Nimefika stejini ndipo nikakumbuka chaja. Nikarudi. Ilikuwa chini ya meza, na shosho alikuwa ameikanyaga waya. Akainua mguu, akaniambia, "Pole, mama."

Nyinyi je?

RongaiExpress

Chaja 😂😂😂 Mimi ningeisamehe hiyo chaja. Ningenunua nyingine.

weita_mstaafu

Dada, huyo mhudumu ni mstaarabu sana. Nimebeba sinia tauni miaka saba kabla ya kufungua kibanda changu cha chapati, wacha nikusomee barua alizokuandikia.

"Nikuongezee nini" ni barua ya kwanza. Kupangusa meza safi ni ya pili. Bili ambayo hukuiitisha ni ya tatu, na hiyo huwa imepigwa muhuri.

Watu hawajui jinsi kazi ile inavyogawanywa. Kila mhudumu ana meza zake. Mimi nilikuwa na tano. Mtu mmoja akikalia meza ya watu wanne kutoka saa nne hadi saa tisa, mimi nimebaki na nne, na meneja hataki kujua. Saa sita na nusu hadi saa nane na nusu ndiyo siku yenyewe. Asubuhi ni chai na mandazi, jioni ni watu wanaongoja jamu ipungue. Lanchi ndiyo inanilipia nyumba. Halafu itazame risiti yako vizuri: kuna VAT asilimia 16, kuna tozo ya upishi asilimia 2. Hizo ni za serikali. Ya aliyekuletea kikombe haimo, hadi uiache mwenyewe.

Sasa nikwambie kastoma mmoja nisiyemsahau. Alikuwa anakuja Jumanne. Kabla hajaketi ananiuliza, "Mkubwa, leo nina masaa matatu. Niketi wapi nisikuharibie?" Nampa ile meza ndogo karibu na mlango wa jikoni, ambayo hakuna familia inaitaka kwa sababu ya harufu ya mafuta na kelele za sahani. Anaagiza chai, na papo hapo ananipa hamsini yangu. Hangoji kuondoka. Saa sita ama anaagiza chakula ama anafunga anaenda kutembea, saa tisa amerudi na tumepoa. Siku soketi ya pale ilipokufa, mimi mwenyewe nilipanda kiti nikamvutia waya kutoka kaunta.

Na kwa wale wenu wa kutuita "ksss, ksss": mimi si kuku.

BintiWaKisauni

Mie nilipokuja Nairobi nilishangaa kuona kahawa ina mlango na bango la pasiwadi. Kwetu muuzaji apita na dele lake, vikombe vyalia mkononi, wanywa viwili vitatu na kashata yako hapo barazani, wasikiliza nani kaoa nani kaachika, na ukitaka kukaa hadi adhana utakaa. Hakuna wa kukuuliza.

Lakini hapo barazani hamna mtu anayepiga kelele na Mmarekani, na hilo ndilo kosa langu. Mteja wangu yuko New York. Saa tatu yao ya asubuhi ni saa kumi yetu jioni, na mkahawa saa kumi una nafasi. Ikifika Novemba wale warudisha saa zao nyuma, basi kikao chaangukia saa kumi na moja, Nairobi nzima imeingia ndani kukimbia jamu na muziki umeongezwa. Siku ya kwanza ya mabadiliko hayo niliketi katikati ya watu, hedifoni masikioni, nauliza kwa sauti ya kuuza samaki: "Mwanisikia? Hamjambo, mwanisikia?" Dakika arobaini.

Jirani yangu, mbaba wa suti, akachukua tishu ya mezani, akaandika kwa kalamu, akanisogezea kwa kidole kimoja. Nikasoma: "Sisi tunakusikia."

Tishu hiyo ninayo mpaka leo, nimeibandika kwenye friji. Siku hizi kikao cha kuongea nafanyia nyumbani hata kama stima yasuasua. Mkahawani naenda kwa kazi ya kuandika tu.

wakili_mdogo

Ya BintiWaKisauni ni ya kuchekesha. Yangu ilinikasirisha.

Niko na sahani yangu ya chapati-maharagwe, kando yangu kijana anafuatilia mikopo ya simu. Spika wazi. Anasoma jina kamili, nambari ya kitambulisho, kiasi kinachodaiwa, anaenda kwa anayefuata. Kabla sijamaliza chapati ya kwanza nilishajua deni la mwalimu mmoja wa Nyahururu na la mama mboga wa Kangemi. Nikamgeukia taratibu: "Samahani ndugu, ile nambari ya kitambulisho ya mwisho, inaishia na sita ama tisa?"

Alipauka. Akauliza, "Unaiandika?" Nikamwambia sijaiandika, ila meza nne zilizotuzunguka sizijui.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na anayeshika taarifa za watu anatakiwa kuzilinda zisifikie wasiohusika. Kuzitangaza juu ya sahani za chipsi si kuzilinda. Na si simu pekee. Mimi nikilazimika kufungua faili ya mteja nje ya ofisi, natafuta kiti chenye ukuta nyuma. Nikikikosa, faili haifunguki.

fundi_stima

Mkumbuke usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea nchi nzima. Kwetu ilichelewa kurudi. Jumamosi asubuhi nikaenda mkahawa mmoja upande wa Ngong Road wenye jenereta, nikakuta watu hadi ngazini, kila mtu na simu iliyokata. Mimi nikatoa ekstensheni ya matundu sita kutoka begini. Wazito, kwa robo saa nilikuwa mbunge. Watu wananiita bosi, mmoja akaninunulia kahawa.

Laptopu sita si mzigo, nyingi hazizidi wati 65 moja. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Ambacho sikuhesabu ni dada aliyekuwa na harusi mchana. Alichomoa simu ya mtu, akachomeka pasi ya nywele. Wakati huo huo mashine ya kahawa inapasha maji. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Giza. Meneja akafuata waya kwa tochi ya simu, kutoka ukutani, chini ya meza, hadi kwangu. Sikuwa mbunge tena.

Mama_Pacha

Hii ya kuangaliziana mali je? Naomba mniamulie.

Kijana wa meza ya jirani aliniomba, "Mathe, niangalizie laptopu naingia msalani." Nani hukataa? Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Kahawa imekwisha, pacha wangu wanatoka shule saa tisa na nusu kule South B, nami nimefungwa pale na mali ya mtu ambaye sijui hata jina lake. Kumbe msala ulikuwa benki, ng'ambo ya barabara, na foleni ya mwisho wa mwezi mnaijua.

Nikainuka, nikaichukua niikabidhi kaunta. Niko njiani, laptopu kwapani, ndiyo huyo anaingia mlangoni. Akapaza sauti: "Mwizi!"

Nairobi neno hilo si la kutamka ovyo. Mkahawa mzima ulisimama. Mlinzi akashika rungu lake. Mikono yangu ilikufa ganzi, na kitu cha kwanza nilichofikiria, mtanicheka, ni kwamba nimevaa slipa na sitaweza kukimbia. Aliyeniokoa ni mhudumu aliyekuwa ameona yote. Alikuja akasimama kati yangu na mlinzi, sinia ingali mkononi.

Kijana aliomba msamaha hadi akaninunulia keki. Niliiacha mezani.

weita_mstaafu

Mama, dakika ya kumi tu unampa ishara mhudumu, inapelekwa kaunta, wewe uko huru. Na wewe unayetaka kwenda benki, beba. Msalani pia, beba. Nimeshuhudia simu ikipotea mtu akipuliza supu.

RongaiExpress

Akipuliza supu 😂 hii Nairobi.

mzee_wa_saiba

Mnanikumbusha siku za saiba. Dakika shilingi moja, saa iko kwenye skrini inahesabu, ukiisha muda kompyuta inajifunga yenyewe, mwenye saiba anaita "nambari saba, unaongeza?" Hakuna aliyemwonea mwenzake haya na hakuna aliyeandikiwa barua kwa kitambaa. Java, wale wa mikahawa ya kahawa, walipofungua pale Adams Arcade mwaka 1999, nani alikuwa na laptopu ya kubeba? Watu waliingia kunywa.

Asiyetaka kununua kitu basi aende Maktaba ya McMillan, Banda Street. Ipo tangu 1931, na mle ndani hakuna anayekuuliza unaongeza nini. Ila simu ikilia utaliwa na macho.

kahawa_na_deni

Naingia kwa upande wa wenye mkahawa, mnisamehe. Nina meza kumi na moja upande wa Kilimani.

Yaliyosemwa na weita_mstaafu ni kweli, lakini hakusema yote. Saa tatu asubuhi mimi nawapenda watu wa laptopu. Mkahawa mtupu hufukuza wateja, mtu anachungulia, anaona viti vitupu, anajiuliza chakula kina nini, anapita. Kwa hivyo asubuhi nawapanga dirishani kama maua. Mhudumu wangu anajua: mwenye laptopu, dirishani. Saa sita nataka maua yaondoke. Shida ni kwamba sijapata namna ya kuyaandika hayo mawili kwenye bango moja bila kuonekana kichaa.

Nilichofanya ni pasiwadi kuchapwa kwenye risiti, inafanya kazi masaa mawili, ukitaka nyingine unaagiza kitu kingine hata kama ni maji. Soketi nimezifunga mbili kati ya tano. Na vile viti vya mbao visivyo na mto mnavyolalamikia, si kwamba nilikosa pesa za mto.

Kuna mmoja aliyekuja na mto wake kutoka nyumbani. Huyo nimemwachia tu.

BintiWaKisauni

Nimekujua wewe ni mkahawa gani. Mgongo wangu wakusalimu.

MfasiriWaUmoja

Nimesoma zote, asanteni, hasa zile barua tatu. Jumanne nilijikaza nikarudi palepale. Nimechaji laptopu usiku, waya nimeuacha nyumbani makusudi. Mhudumu ni yuleyule. Nikamwambia nina masaa mawili na nusu, anipe meza asiyoihitaji. Akanitazama kidogo, akanipeleka nyuma kabisa, meza ya kiti kimoja, mlango wa jikoni unanigonga bega kila sahani ikitoka.

Niliagiza chai na sambusa mbili, nikampa hamsini palepale. Saa sita na robo nikafunga. Nilipokuwa navaa begi akapita na sinia la vikombe, akasema bila kusimama: "Madam, leo chaja umebeba?"

weita_mstaafu

Mlango wa jikoni! Si nilisema?